Gofu na Tongo

Taja neno abasia mbele ya Mtanzania, na kitakachomjia akilini ni mahali penye kazi. Atakumbuka Peramiho kule Ruvuma, iliyoanzishwa na watawa Wabenediktini mwaka 1898: kanisa kubwa, hospitali, karakana, mitambo ya kuchapia vitabu. Au atakumbuka Ndanda, upande wa Masasi, iliyoanza mwaka 1906, ambako watu wa kusini hukimbiza wagonjwa wao. Kwetu abasia ni neno lenye kengele, harufu ya mbao zilizorandwa na foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni.

Uingereza neno hilohilo huleta sura nyingine kabisa: kuta ndefu zisizo na paa, madirisha makubwa yasiyo na vioo, majani yaliyoota juu ya matao, na chini kabisa mtu mmoja au wawili, wadogo kama sisimizi, wamesimama wakitazama juu. Sura hiyo haikuzuka yenyewe. Ilichongwa. Kwa zaidi ya karne mbili mafundi waliichonga kwenye shaba, kisha kwenye chuma na mbao, wakaipiga chapa na kuiuza, mpaka watu wakazoea kuona jengo lililobomoka kuwa kitu cha kupendeza, na baadaye kitu cha kulindwa.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, na picha hizi za nakshi nimezitazama kwa miezi kadhaa sasa. Lakini nimezaliwa Mwanza, na swali ninalozipelekea ni la kwetu. Mahali ambapo watu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, pasipo na ukuta uliobaki wa kuchorwa, historia inaonekanaje?

*

Magofu ya abasia za Uingereza yalitengenezwa kwa sheria. Mwaka 1536, wakati wa mfalme Henry VIII, Bunge lilipitisha sheria ya kufunga nyumba za watawa zenye kipato cha chini ya pauni 200 kwa mwaka. Kubwa zikafuata. Kufikia 1540 hapakuwa na nyumba hata moja iliyobaki wazi kati ya takriban 800 zilizokuwapo England na Wales. Abasia ya Tintern, kando ya mto Wye, iliyokuwa imeishi tangu 1131, ilikabidhiwa Septemba 1536. Fountains ya Yorkshire, mdogo wake kwa mwaka mmoja, ilikabidhiwa 1539.

Kilichoziua kwanza ni paa. Mapaa ya abasia yaliezekwa kwa risasi, na risasi ilikuwa mali ya kuuzwa. Ikaezuliwa, ikayeyushwa, na kengele zikaifuata. Jengo la mawe bila paa katika nchi ya mvua na barafu halina muda mrefu. Halafu wakaja majirani, wakachukua mawe ya kujengea nyumba, mazizi na kuta za mashamba. Ardhi yenyewe iliuzwa au kugawiwa kwa watu waliokuwa karibu na mfalme.

Miaka karibu 200 baadaye, katika miaka ya 1720, ndugu wawili walioitwa Samuel na Nathaniel Buck walianza kuzunguka nchi wakichora mabaki hayo. Walisafiri majira ya joto, wakachonga na kuchapa majira ya baridi, na kuuza picha kwa mafungu ya 24. Wanunuzi walijiandikisha na kutoa fedha mapema, jinsi ambavyo leo mtu anachangia kitabu kabla hakijatoka. Kufikia 1742 walikuwa wametoa picha zaidi ya 400 za ngome na abasia, na hadi leo kuna majengo ambayo wanahistoria wanajua yalivyokuwa kwa sababu tu ndugu hao walipita kabla ukuta wa mwisho haujaanguka.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa kama kioo. Mistari mingine huichimba kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, mingine huiacha iliwe na tindikali. Hupaka wino bamba zima, kisha hulipangusa, wino ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa kwenye mtambo wenye uzito wa kutosha kuifanya karatasi inyonye wino kutoka kwenye mifereji. Kila kitu hutoka kinyume: kilichokuwa kushoto kwenye shaba kinakuwa kulia kwenye karatasi, kwa hiyo fundi hulichonga jengo akiliona kama kwenye kioo. Kivuli hakipo. Kinachoonekana kuwa kivuli ni mamia ya mistari iliyosongamana.

Jambo hilo la mistari ni la msingi. Katika picha ya aina hii hakuna kitu kilichoingia kwa bahati. Kamera humnasa mbwa aliyepita. Kalamu ya chuma haimnasi mpaka mtu aamue kukaa na kumchonga mbwa huyo, unywele kwa unywele. Kwa hiyo kila kilichomo kilichaguliwa, na kila kisichokuwamo kuna mtu aliyeona hakistahili jasho lake.

Tazama basi waliostahili. Chini ya picha za ndugu Buck kuna maandishi: abasia ilianzishwa na nani, lini, chini ya mfalme gani, na sasa ni mali ya bwana gani. Mara nyingi picha imetolewa kwa heshima ya bwana huyohuyo. Gofu linakuwa hati ya umiliki iliyopambwa. Watawa waliofukuzwa hawamo, na familia zilizokuwa zikilima mashamba yao hazimo.

Mwaka 1782 kasisi mmoja, William Gilpin, alichapisha kitabu cha safari yake ya mto Wye, chenye picha, kikawafundisha wasomaji namna ya kutazama mandhari kana kwamba ni mchoro. Tintern ilimpendeza, ila si yote. Kuta zake za pembetatu zilikuwa bado nzima mno na zilinyooka mno. Aliandika kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingeweza kuzirekebisha. Kasisi alitamani kulibomoa gofu ili lifanane zaidi na gofu.

Lakini mtu huyohuyo aliandika jambo ambalo picha haikuweza kulibeba. Ndani ya kuta zile waliishi maskini, katika vibanda vilivyoegemezwa kwenye mawe ya watawa, na mwanamke mmoja, mgonjwa, asiyeweza kutembea vizuri, alijitolea kumwonyesha ilipokuwa maktaba ya watawa. Wakamfuata polepole. Alichowaonyesha ni mahali anapolala: pango lenye unyevu katikati ya kuta mbili zilizobomoka. Alikuja kuwasimulia habari za abasia, na habari aliyokuwa nayo ni ya maisha yake mwenyewe. Gilpin aliiandika, akaendelea na safari. Tintern ilinunuliwa na Ufalme mwaka 1901 na inatunzwa mpaka leo. Nyuma ya utunzaji huo kuna miaka karibu 170 ya picha, tangu ndugu Buck walipoichora mwaka 1732. Mwanamke yule hatuna hata jina lake.

*

Pwani yetu nayo iliingia kwenye shaba, tena mapema. Mwaka 1572, mjini Cologne, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha miji ya dunia. Katika ukurasa mmoja wameweka Aden, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Kilwa ile ina nyumba zilizobanana na minara ya kupendeza, ukiiangalia haraka unaweza kudhani ni mji wa Ulaya uliopelekwa likizo kisiwani.

Ukurasa huo unauonyesha mji ukiwa mzima wakati tayari ulikuwa umejeruhiwa. Mreno Francisco de Almeida aliuvamia na kuupora Julai 1505, na biashara ya dhahabu iliyoujenga ikapotea njia. Kilwa halisi, ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, yenye Msikiti Mkuu wa matumbawe na kasri la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa bahari, ilikuwa njiani kuwa magofu. Ulaya walikuwa wakichora abasia zao zikiwa zimebomoka kana kwamba zilizaliwa hivyo, na mji wetu unaobomoka wakauchora kana kwamba hautabomoka kamwe.

Hata hivyo Kilwa ilikuwa na kitu kilichoiokoa: mawe. Matumbawe na chokaa vinasubiri. Vilimsubiri mwanaakiolojia Neville Chittick afukue katika miaka ya 1960, vikaisubiri UNESCO iviweke kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Thimlich Ohinga, upande wa Kenya wa ziwa letu, kaunti ya Migori: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikisha, zikizunguka maboma ya watu na mifugo yao. Ziliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2018. Ukilitazama ziwa lote kwa macho ya orodha hiyo, utadhani watu waliishi palipo na mawe tu.

*

Sasa tuje Mwanza. Hapa mawe tunayo kuliko mji wowote, ila ni ya Mungu. Watu wetu walijenga katikati yake kwa vitu vinavyooza.

Agosti 1858 John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa, akalitazama kutoka vilima vya Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Tarehe 27 Februari 1875 akafika Henry Morton Stanley, na safari yake ndiyo iliyotuachia picha. Alipiga kambi Kageye, kijiji cha ukingoni mwa ghuba inayoitwa ya Speke, mashariki ya mji wa leo, wilayani Magu. Yeye aliandika Kagehyi. Hapo aliunganisha mashua yake, Lady Alice, iliyokuwa imebebwa vipandevipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, akaondoka tarehe 8 Machi kulizunguka ziwa.

Stanley alikuwa na kamera. Kitabu chake cha 1878 kina picha ya Kageye inayoonekana kutoka ukingo wa ziwa, iliyotokana na picha aliyoipiga. Wakati huo mashine za uchapaji hazikuweza kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi, kwa hiyo ilibidi ichongwe upya kwenye mbao. Mafundi walitumia mti mgumu uliokatwa kukingama nyuzi zake. Kwa kuwa mti huo ni mwembamba, vipande kadhaa vilifungwa kwa skrubu kuwa ubao mmoja, na kazi ya haraka iliweza kugawanywa, kila fundi na kipande chake. Huenda nyumba moja ya msonge ya Kageye ilipita mikononi mwa watu wawili wa London, mmoja akachonga paa upande huu na mwingine upande ule, na hakuna kati yao aliyewahi kuona msonge.

Ukiwa umetoka kwenye picha za Tintern, hii ya Kageye inakushtua kwa ukawaida wake. Hakuna kinachobomoka. Ni ufuko, nyumba za nyasi, ziwa. Lakini soma kitabu chenyewe uone kilichokuwa kikitokea katika ufuko huo. Kaduma ndiye aliyekuwa mtawala wa hapo, na ndiye aliyeupokea msafara uliotoka pwani ukiwa umechoka na umepungua. Kulikuwa na mfanyabiashara, Songoro, mwenye jahazi alilokuwa akilijenga kwa ajili ya biashara ya ziwani. Stanley aliporudi tarehe 6 Mei alikuta kijana Mwingereza, Frederick Barker, amekufa na kuzikwa. Alikuta pia amekufa Mabruki, mmoja wa wale wanaume wa Unguja waliovuka bara na Burton na Speke kabla yake, na ambao bila wao hakuna Mzungu ambaye angeliona ziwa hili kwa miguu yake. Desemba 1877, kabla kitabu hakijatoka, Songoro na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, ng'ambo ya maji yaleyale, katika ugomvi uliohusu jahazi.

Yote hayo yamo katika maneno. Picha inatupa nyasi na utulivu. Msomaji wa London aliyezoea abasia alijua namna ya kuusoma ukuta uliovunjika: hapa palikuwa na watu wakubwa, hapa kuna jambo lilitokea. Kwa nyumba ya nyasi hakuwa na somo. Aliona mahali ambapo jana na leo ni sawa. Na nyasi zilipooza, pakabaki kama vile hapakuwa na kitu.

*

Kiswahili kina maneno mawili kwa vitu ambavyo picha za nakshi zilivifanya kimoja. Gofu ni jengo lililobaki mifupa. Lina kuta, unaweza kusimama mbele yake ukapiga picha. Hame ni mahali palipohamwa, hata kama hakuna jiwe juu ya jiwe. Wasukuma wana neno lao la mahali palipokuwa na kaya ikahama: itongo, wingi matongo. Neno hilo lina ndugu pwani. Kusini ya Tanga kuna Tongoni, mji wa kale wenye msikiti na makaburi ya nguzo, na jina lake ni hilohilo: kwenye tongo. Pwani tongo lina matumbawe. Usukumani lina minyaa.

Familia yetu ina itongo, upande wa Misungwi. Baba mdogo alinipeleka msimu uliopita, kwa sababu nilimsumbua kwa maswali.

"Unatafuta nini huku, mwanangu? Hapa hakuna nyumba."

Kisha akaanza kunionyesha. Mstari wa minyaa, mirefu sasa kama miti, ndiyo iliyokuwa ua wa kaya. Pale mahindi yalipokuwa ya kijani kibichi kuliko shamba zima ndipo palipokuwa zizi la ng'ombe. Jiwe kubwa lenye shimo laini kama bakuli ndipo bibi mzaa babu aliposagia mtama. Alisimama mahali pamoja, akasema hapa ndipo mlango ulipokuwa, akaingia, akageuka kunisubiri. Nilijikuta nimepita palepale alipopita yeye, sikuthubutu kupita penye ukuta.

Walihama mwaka 1974. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe ndani ya kijiji. Kwa Wasukuma, ambao kaya zao zilitawanyika kila moja na mashamba na malisho yake, maana yake ilikuwa kuacha karibu kila kitu. Kuna walioondoka wenyewe wakiwa na matumaini ya shule, kisima na zahanati. Kuna ambao nyumba zao ziliezuliwa au kuchomwa ili wasirudi. Baba mdogo alikuwa na miaka tisa. Anachokumbuka ni paa: nyasi zikiteremshwa mafungu mafungu na watu wasiowajua, na bibi akikusanya kamba zilizokuwa zimefungia fito, kwa sababu kamba bado zilikuwa nzuri.

Sitaki kusema kwamba mambo ya 1536 na ya 1974 ni mamoja. Henry alitaka mali. Operesheni Vijiji ilikuwa na nia ambayo wazee wetu wengine bado wanaitetea, na shule niliyosoma mimi ilijengwa kwa nia hiyo. Lakini mkono wa serikali ulianzia palepale, juu ya paa. Kule wakaja wachoraji kuchora kilichobaki. Kwetu kwa matongo mengi hakuna aliyekuja, kwa sababu kwa macho yaliyofunzwa na gofu hakukuwa na kitu cha kuchora.

Ardhi yenyewe inakataa hukumu hiyo. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kutoka Narok, Kenya, kwenye kambi za wafugaji wa kale. Palipokuwa na mazizi, udongo bado una rutuba kuliko pembeni, nyasi zake ni nzuri zaidi, na wanyama wa porini hupendelea kulisha hapo. Kambi hizo zina umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Samadi imedumu kuliko risasi ya Tintern. Baba mdogo hakuhitaji maabara kulijua hilo: aliusoma ukijani wa mahindi.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa kuwa nimeisikia darasani: mtalii hatalipa kiingilio kuona minyaa. Pengine. Lakini mtalii wa kwanza wa Tintern naye hakuzaliwa akiipenda. Alifundishwa na picha, moja baada ya nyingine, zenye maandishi chini. Kilichohitajika kilikuwa watu wa kutembea, kuuliza, kuchora na kuandika majina. Hilo linawezekana Magu, Misungwi na Sengerema kwa simu ya mkononi na daftari, na linawezekana sasa tu. Waliokuwa na miaka tisa mwaka 1974 wanakaribia au wamepita sitini. Mashamba yanapimwa viwanja, na minyaa ndiyo ya kwanza kukatwa. Ikishakatwa, atakayejua mlango ulipokuwa ni yule aliyewahi kuuingia.

Na tukichora, tuandike chini yake kwa utaratibu tofauti na ule wa ndugu Buck. Wao waliandika mwanzilishi, mwaka na bwana mwenye mali. Sisi tuanze na aliyesagia kwenye jiwe, waliolala ndani, aliyeezua na kwa amri ya nani, na aliyetuonyesha. Mwanamke wa Tintern aliwapeleka wageni mahali anapolala akawaambia hii ndiyo abasia. Hakukosea. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza jina lake.